Kina cha dampo na hesabu ya methani ya taka zetu

Anayefuatilia methani, gesi inayoongeza joto la dunia, itokayo kwenye taka za Tanzania kwa miongo kadhaa atauona mstari wake kwenye grafu ukipanda, na sababu ya kwanza haihitaji mtaalamu kuieleza. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3 hivi, ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wengi wao kuliko zamani wanaishi mijini, ambako maganda ya ndizi hayarudi tena shambani wala hayaliwi na mbuzi, yanaishia kwenye kizimba cha taka. Hapa mkoani Kigoma tulitoka watu 2,127,930 mwaka 2012 tukafika 2,470,967 mwaka 2022. Pamoja na hayo, jambo ambalo ningependa tulitafakari zaidi ni kina cha mahali tunapotupa.

Taka zinazooza zikitandazwa juu juu, hewa hupenya, na methani inayotoka huwa kidogo. Zikirundikwa na kushindiliwa hadi hewa ikakosekana, vijidudu visivyohitaji oksijeni hushika kazi, na karibu nusu ya gesi inayotoka huwa ni methani. Nilisimama jioni moja karibu na kizimba cha taka za soko wakati vijana wakipakia trekta. Juu palikuwa na majani ya kabichi na maganda ya mihogo yaliyonyauka. Koleo lilipozama chini lilitoka na tope jeusi lenye mvuke, ambamo hukuweza tena kutofautisha nyanya na embe. Harufu iliyotufukuza haikuwa ya methani, kwa kuwa gesi hiyo haina harufu, na pengine ndiyo maana hatujawahi kuilalamikia.

Mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ambao nchi nyingi huutumia kukokotoa gesijoto zao (gesi zinazoongeza joto la dunia), hulipatia jalala lisilosimamiwa na lisilofika kina cha mita 5 kigezo cha methani cha 0.4, likifika mita 5 au zaidi hupewa 0.8, na dampo la kisasa linaloshindiliwa na kufunikwa udongo hupewa 1.0. Maana yake ni kwamba tani ileile ya taka za soko la Mwanga hapa Kigoma, ikihamishwa kutoka jalala la juu juu kwenda dampo la kisasa lisilo na mabomba ya kuvuta gesi, huhesabiwa kuzalisha methani mara mbili na nusu. Sisemi tubaki na majalala. Mji wetu umekaa kwenye miteremko, na mvua ikinyesha kila kilichotupwa korongoni huelekea Ziwa Tanganyika. Ninachosema ni kwamba usafi wa mji, usipotanguliwa na kutenganisha taka, unaweza kuupandisha mstari ule kwa kasi kuliko ongezeko la watu lenyewe.

Kingine ni kwamba mstari huo kwa sehemu kubwa hukokotolewa, haupimwi kwa chombo. Katika nchi za joto zenye mvua nyingi, nusu ya mabaki ya chakula huwa imeoza ndani ya miaka miwili hivi, lakini karatasi huchukua kama miaka 10 na mbao kama 20, kwa hiyo gesi ya leo inatokana pia na taka zilizotupwa zamani. Vilevile, methani ilipogeuzwa kuwa kipimo kimoja na kaboni dioksaidi, ambayo huizidi kwa kuongeza joto, ilizidishwa kwanza kwa 21, baadaye kwa 25, kisha kwa 28. Anayelinganisha ripoti ya zamani na ya sasa bila kuliangalia hilo ataona ongezeko la theluthi moja ambalo halikutoka kwenye dampo lolote.

Uingereza inaonyesha kwamba mstari huu hushuka. Mwaka 1996 ilianzisha kodi ya kutupa taka dampo kwa pauni 7 kwa tani, ikaipandisha hadi pauni 103.70 mwaka 2024, na huku ikikusanya gesi ya madampo, methani ya taka zake ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili tangu 1990. Kwetu, dampo la Mtoni jijini Dar es Salaam liliwahi kuwekewa mradi wa kuvuna gesi. Lakini mabomba yanafaa pale penye mlima wa taka, nasi bado hatujaujenga wa aina hiyo. Kwa nini tuujenge kwanza ndipo tuutafutie dawa?

Taka za sokoni Kigoma hazijachanganyika sana zinapozaliwa. Mwenye ndizi ana mikungu yake, mwenye mihogo ana maganda yake, na wakamuaji wa mawese wana lundo la makapi ya chikichi, ambayo tayari wengine huyatumia kama kuni. Huchanganyika kizimbani, zinapokutana na mifuko na chupa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewapa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa taka ngumu, na ningeomba waanze na mambo mawili: eneo la mboji karibu na kila soko kubwa, lundo likigeuzwa mara kwa mara ili hewa iingie, na mizani ya kupimia magari kwenye lango la dampo. Bila mizani, hata tukifanikiwa kupunguza, hesabu ya taifa itaendelea kutukadiria kwa idadi ya vichwa vyetu.