Kaka, choo cha uani na presha isiyoeleweka

Kwa miaka kadhaa nyumbani kwetu Tanga ilijulikana kabisa kua choo cha uani kina kitu. Kaka akienda haja ndogo, hasa ile ya alfajiri kibofu kimejaa, anarudi kalowa jasho, uso umempauka, moyo unadunda mpaka unauona kwenye fulana, kichwa kinamgonga, anakaa pale barazani robo saa hivi halafu basi, yameisha, anadai chai yake. Mama akaita watu wakasoma dua, chumvi ya mawe ikamwagwa mlangoni. Kaka akahamia Dar, kapanga Mbagala, choo kingine kabisa, yakamfuata. Hapo habari ya jini ikaanza kulegea, ingawa shangazi alisema majini nayo yanapanda basi.

Hospitali ya kwanza walimpima presha wakaikuta imetulia, wakasema ni wasiwasi tu. Nyingine wakaikuta juu sana wakampa vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, na hivyo ndo vikamzidishia. Kwa nini nimekuja kuelewa baadae: adrenalini na mwenzake noradrenalini, zile homoni za mshtuko, zinafanya kazi kupitia vipokezi, yani sehemu za seli zinazozipokea: vya alfa, vinavyobana mishipa, na vya beta, vinavyokimbiza moyo lakini pia vinalegeza baadhi ya mishipa. Ukifunga beta kwanza, kama vile vidonge vilivyofanya, kule kubana kunabaki peke yake, presha inapaa.

Aliyeikamata ni dokta kijana wa zamu, alimuuliza tu, "Kaka, hii hali inakuja kabla hujakojoa au ukishakojoa?" Yani miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza hivyo.

Inaitwa paraganglioma. Ni uvimbe unaoota kwenye seli za neva zinazotengeneza homoni, ukiwa ndani ya tezi ya juu ya figo unaitwa feokromositoma, ukiwa nje ndo hii: shingoni, kifuani, tumboni kando ya aota, ule mshipa mkubwa wa damu, na mara chache sana kwenye ukuta wa kibofu, kama wa kaka. Wa shingoni mara nyingi hautoi homoni. Wake ulikua unatoa, kibofu kikijikunja kinauminya na homoni inamwagika kwenye damu.

Kipimo ni metanefrini, mabaki ya hizo homoni. Ya damu unalazwa chali kimya kama nusu saa kwanza ndo wanachota, maana hata kukaa tu kunaweza kupandisha majibu. Yeye alianza na ya mkojo wa saa 24, dumu likakaa kwenye friji ya wifi karibu na maziwa, ugomvi wake acha tu. Majibu yakaja juu mara nyingi kupita kawaida, picha ya CT ikaonyesha uvimbe ulipo. Wala hawakukata kinyama cha kupima, kuuchokoa huo uvimbe kabla ya dawa kunaweza kumuua mtu.

Sasa familia nzima ikawa, toeni basi! Dokta wa homoni akagoma. Kwanza doksazosini, dawa ya kufunga alfa, dozi ikipandishwa taratibu kama wiki mbili, ya kufunga beta baadae kabisa moyo ukikimbia. Na akaambiwa ale chumvi na anywe maji mengi!! Mtu mwenye presha, tuliemnyang'anya hadi dagaa wa chumvi, leo anaambiwa ongeza. Kumbe mishipa imebanwa miaka, maji ya mwilini yamepungua, ikilegea ghafla bila maji presha inadondoka. Pua ikamziba usiku kucha, akisimama haraka kizunguzungu, dokta anasema safi, dawa imeshika.

Upasuaji walikata kipande cha kibofu. Dokta wa usingizi alituambia walipoushika tu presha ilipanda, walipofunga mishipa yake ikashuka, alikua na dawa za pande zote mbili mkononi. Kwa mimi huyo ndo shujaa, ila hakuna anaempigia simu ya shukrani.

Mama anauliza, ni kansa au sio kansa? Jibu halimridhishi. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani halizigawi tena paraganglioma kua mbaya na nzuri, zote zinahesabiwa zinaweza kusambaa hata miaka mingi baadae, kwa hiyo metanefrini kila mwaka, maisha yote.

Halafu kuna jini jingine, jeni. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa wamerithi, na kwa kaka imekutwa hitilafu ya jeni inayoitwa SDHB, ambayo ndo inaongoza kwa uvimbe kusambaa. Mimi na wadogo zangu kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kua nayo, japo ukiwa nayo sio lazima uugue. Nishatoa damu, nasubiri. Mdogo wetu wa mwisho anasema atapima akishaoa, nimemwambia mchumba ana haki ya kujua kabla, hajanijibu mpaka leo. Shangazi amegoma kabisa, ila juzi kanipigia kwa siri kuniuliza hicho kipimo ni bei gani.