Jinsi nilivyotuliza meza ya mahogani ya Kiingereza

Meza yangu ya chai ya karne ya 18, ile ya nguzo moja, miguu mitatu na uso unaoinuliwa ukasimama wima, ilikuwa ikiyumba kila ukiweka kikombe. Wengi hulaumu komeo la shaba lililo chini ya uso. Niliishika nguzo kwa nguvu nikautikisa uso, lakini haukucheza hata kidogo. Basi tatizo lilikuwa miguuni.

Nikaipindua. Bamba la chuma linaloshika miguu lilikuwa limelegea, na mguu mmoja umeacha mwanya wa unene wa kucha. Miguu hii ina ulimi uliopanuka nyuma, unaoingizwa kutokea mwisho wa chini wa nguzo. Ukiuvuta pembeni, unapasua nguzo! Gundi ya enzi hizo ilichemshwa kutokana na ngozi za wanyama, hivyo hulainika kwa maji moto. Niliyaingiza kwa bomba la sindano, nikasubiri, kisha nikaugonga mguu taratibu kwa nyundo ya mpira kuelekea mwisho wa nguzo hadi ukachomoka.

Nikakwangua mabaki, nikabandika kipande chembamba cha mahogani kuukuu kwenye ulimi uliolika, nikaurudisha kwa gundi ileile na kuukaza kwa kamba hadi kesho yake. Bamba likarudi mahali pake. Msasa sikuugusisha kabisa, maana wekundu ule uliokomaa haununuliki. Meza imetulia.