Chapa Zilizoitwa kwa Jina la Adui

Wapendwa katika Bwana,

Juma hili nimekuwa nikisoma Wagalatia 6:17, pale Paulo anaposema kwamba anachukua mwilini mwake chapa zake Yesu, na kila nilipolirudia neno hilo nilimkumbuka William Prynne, wakili Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1600 na kusomea sheria Lincoln's Inn, London.

Prynne alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti mkali aliyetaka Kanisa la Uingereza litakaswe zaidi, mwenye kalamu isiyochoka. Kitabu chake cha kurasa zaidi ya 1,000 kilicholaani michezo ya kuigiza kilihesabiwa kuwa tusi kwa malkia, aliyeipenda michezo hiyo. Mwaka 1634 mahakama ya Star Chamber, ambamo Askofu Mkuu William Laud alikuwa mmoja wa waamuzi, ilimtoza faini ya pauni 5,000, ikamfunga maisha na kuamuru akatwe masikio. Hata gerezani hakunyamaza. Mwaka 1637 mabaki ya masikio yake yalikatwa, na herufi S na L zikachomwa mashavuni pake kwa chuma cha moto, zimtangaze kuwa mkashifu mchochezi (kwa Kiingereza, "seditious libeller"). Yeye akazisoma kwa Kilatini: "Stigmata Laudis", yaani chapa za Laud.

Zamani niliusifu mzaha huo kwa ujasiri wake, sasa unanisumbua. Paulo naye alipigwa na watu wengi, lakini makovu yake hakuyaita kwa jina la hata mmoja wao.

Bunge lilimfungua Prynne mwaka 1640, na muda si mrefu Laud ndiye akawa mfungwa. Mei 1643 Prynne alitumwa kukipekua chumba cha Laud ndani ya Tower, ngome ya London iliyotumika kama gereza. Alichukua hati ambazo mzee huyo alikuwa ameziandaa kwa utetezi wake, akachukua shajara, kisha akachukua kitabu cha sala zake za faragha. Laud aliandika baadaye kwamba hakuweza kumshawishi amwachie hata hicho, kwa kuwa Prynne alitaka kuona yaliyopita kati ya Laud na Mungu. Kesi ikaendeshwa kwa bidii ya Prynne, na tarehe 10 Januari 1645 Laud, mwenye umri wa miaka 71, akakatwa kichwa.

Sisemi kwamba Laud hakuwa na la kujibu, wala kudai haki si dhambi. Mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi bila kukoma. Ila mjane yule hakuhitaji kusoma sala za adui yake. "Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, anena Bwana" (Warumi 12:19).

La ajabu ni kwamba Desemba 1648, akiwa mbunge, Prynne huyo huyo alihutubia kwa saa nyingi akitaka Bunge lipatane na Mfalme Charles, ambaye mahakama yake ndiyo iliyomkata masikio, na kwa msimamo huo akakamatwa na wanajeshi. Kwa mfalme aliweza. Kwa yule aliyeyapa makovu yake jina, hakuweza.

Nimejiuliza juma zima makovu yangu mwenyewe nimeyaita kwa jina la nani, na jina lililonijia kwanza halikuwa la Yesu.