Haya, mjomba

Leo siku ya sita, na ile "haya" bado imenikwama kooni.

Bi Maswali mnamjua. Mtoto wa dada, yule aliyenihoji safari nzima kwa nini madirisha ya ndege hayana pembe. Jumapili alikuja kuaga. Anaondoka mwisho wa mwezi, peke yake, begi moja mgongoni, wiki saba, anaanzia Istanbul. Alikuja na daftari, nami nikajiandaa kwa maswali arobaini. Akauliza moja tu, tena ameshavaa viatu, mkono uko kwenye kitasa:

"Mjomba, nikifika usiku, naanzia wapi?"

Nami na ndevu zangu zote nikamjibu: "Utajua ukifika."

"Haya, mjomba."

Kalamu alikuwa ameshaitoa. Akairudisha.

Ziko haya za aina nyingi. Iko ya kukubali, iko ya kuchoka, iko ya twende zetu. Hii ilikuwa ya mtoto aliyenyoosha mkono akaona kiganja kinarudi kitupu. Halafu iko ile ya kuona haya, ambayo ndiyo niliyonayo tangu Jumapili. Wiki hii mdogo wetu wa mwisho kaoa na mimi nimehamishiwa kitengo kingine kazini, lakini kila nikifumba macho naona kalamu inarudi mfukoni.

Ningemwambia nini, basi? Kwanza, kwamba usiku wa kufika hauanzii uwanjani. Unaanzia kwenye tiketi. Ndege yake inatua saa 00:40 tarehe 28. Sisi tunaosema saa sita na dakika arobaini usiku, na usiku wa kuamkia kesho, tungepaswa kuwa wa mwisho kukosea hapo, lakini tiketi za saa 24 hutuchanganya. Kitanda anachokihitaji ni cha usiku wa tarehe 27, ule wa kuamkia 28. Akilipia cha tarehe 28, atagonga mlango saa nane usiku aambiwe vyumba vinatolewa saa nane mchana. Hata akilipia cha 27, lazima awaandikie kwamba atafika baada ya saa sita, maana hosteli nyingine humhesabu mgeni asiyetokea kuwa hakuja, na kitanda akapewa mwingine. Tena aulize kama mapokezi yana mtu usiku kucha au mlango unafunguliwa kwa namba ya siri. Nikakumbuka kwamba sikumuuliza amelipia tarehe ipi.

Pili, uwanja upi. Istanbul ina viwili vikubwa: IST upande wa Ulaya, na Sabiha Gökçen, SAW, upande wa Asia. Katikati iko Bosphorus, ule mkono wa bahari unaoukata mji. Mtu akichagua malazi kwa kuutazama mji badala ya zile herufi tatu za kwenye tiketi, anaweza kujikuta na bahari kati yake na shuka lake, saa ambayo treni zimelala. Mambo hayo hayako Istanbul peke yake. Beauvais huuzwa kama Paris na iko zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris. Narita iko kama kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, wakati Haneda imo ndani ya jiji lenyewe.

Tatu, kabla ya kuvuka ule mlango wa mwisho wa vioo, kila kitu kifanyike ndani, penye taa na viti. Choo, maji, pesa, laini ya simu, ndipo mlango. Pesa kidogo tu, za usiku huo na asubuhi. Mashine itamuuliza kama anataka akatwe kwa sarafu ya kwao. Akatae, achague sarafu ya pale pale. Akikubali, kiwango cha kubadilisha kinapangwa na wenye mashine badala ya benki yake, na hao hawajipunji. Kadi ziwe mbili, zisikae mfuko mmoja. Laini ya nyumbani asiitupe wala asiifungie begini, kwa sababu benki hutuma namba za uthibitisho huko, na waifai ya viwanja vingi nayo hutaka kutuma namba ya kuingilia. Huduma ya kupokea ujumbe ugenini iwashwe kabla hajaondoka. Ukiwa ugenini huenda usiweze kuiwasha, kwa sababu ile namba ya kuthibitisha kwamba ni wewe huenda ikaja kwenye laini ile ile isiyopokea.

Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi. Hiyo anaijua, mwenyewe ndiye aliyenifundisha: bila ruhusa ya shirika la ndege mwisho ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani), na ile yake ya mAh 20,000 ni kama Wh 74.

Nne, na hapa ndipo nilipojiona mjinga kuliko pote, zile mita mia mbili za mwisho. Ramani ya kupakuliwa haihitaji intaneti. Simu inapokea ishara za setilaiti moja kwa moja, kwa hiyo kile kidoti cha bluu kitatembea hata bila laini. Lakini kidoti kinakufikisha mtaani, na mlango ni habari nyingine. Venice namba za nyumba hufuata wilaya nzima, zile sestieri sita, kwa hiyo unaweza kusimama mbele ya 3000 na kitu na jirani yake usimwone. Florence ina namba nyeusi na namba nyekundu katika mtaa mmoja, na herufi "r" ndiyo inayokuambia ufuate zile nyekundu, ambazo ni za maduka. Tokyo barabara nyingi hazina majina kabisa, wanahesabu vitalu. Ghorofa nazo: pengine ya kwanza ni ile unayoikanyaga ukitoka barabarani, pengine ni ile ya kupanda ngazi. Msafiri aombe mapema picha ya mlango, jina lililoandikwa kwenye kengele, na ghorofa kwa kuhesabu ngazi. Avihifadhi kama picha kwenye simu, na anwani kwa maandishi ya wenyeji kwenye karatasi, maana simu hufa saa mbaya.

Dereva akisema hoteli hiyo imefungwa, au imeungua, au imehama, ni wimbo wa zamani, unaimbwa miji mingi. Namba ya mapokezi ipigwe kabla ya kuingia garini, dereva akiwa anasikia. Begi dogo lenye pasipoti likae mapajani, lisiwekwe kwenye buti. Na kama ni basi linalofika saa kumi alfajiri, asitoke kituoni. Akae ndani, karibu na dirisha la tiketi au mama mwenye watoto, mpaka kuche. Masaa mawili ya benchi gumu ni bei ndogo.

Ijumaa usiku nilikuwa nimeandika hayo yote kwenye karatasi, hasira inanipanda kwa kila mstari, kwa sababu yote nilikuwa nayo kichwani siku ile na nilichotoa ni maneno mawili ya kujifanya mzoefu. "Utajua ukifika." Nani kajua nini saa saba usiku na kilo tisa mgongoni?

Ndipo nikaanza kucheka peke yangu, maana lile jibu si la uongo. Ni la siku ya pili.

Siku ya pili begi limefungiwa kabatini kwa kufuli lako mwenyewe, mikono mitupu, na hapo hakuna ratiba inayoweza kukusaidia. Chagua kitu kimoja kirefu, ukuta wa kale, mto, reli ya tramu, ukifuate mpaka kichoke. Kwenye mji wenye maji mteremko ni mwalimu, unashuka tu. Paa nazo zinasema: madishi mengi ya setilaiti ya mtaa wa Istanbul yanatazama kusini, mashariki kidogo, kwa sababu setilaiti hizo zimesimama juu ya ikweta, na ikweta iko kusini mwa mji. Ni dira elfu moja na haziishi chaji. Kila ukikata kona kubwa geuka nyuma uangalie, kwa sababu njia ya kurudi haifanani na ya kwendea. Usimuulize mtu "hii ndiyo njia ya bandarini?" Mwungwana atasema ndiyo, kwa adabu tu. Uliza "bandari iko wapi?" umwache mkono wake uchague. Na muulize aliyekaa na kazi yake. Anayekujia bila kuitwa mwache apite. Ukitaka kuangalia ramani, mgongo ukutani, mbali na ukingo wa barabara zinakopita pikipiki. Ukichoka, panda kivuko Eminönü kwenda Kadıköy, kama dakika ishirini, umevuka kutoka Ulaya kwenda Asia umekaa.

Hata kupotea, siku ya pili, ni sehemu ya kazi. Nakumbuka harufu, na zile saa tisa za mchana ambazo hakuna mtu duniani anayejua uko wapi. Nilikuwa nimemwonea wivu. Tuseme ukweli, ndiyo maana nilimjibu vile.

Kumbe na jambo jingine nililiona nikanyamaza. Aliondoka begi likining'inia mabegani, mkanda wa kiuno unapeperuka. Hivyo hivyo wiki saba? Mkanda wa kiuno unafungwa wa kwanza, juu ya mifupa ya nyonga, wala si tumboni, unakazwa mpaka uzito ukae hapo. Halafu mikanda ya mabega, ivutwe iguse tu. Halafu vile vikamba vidogo vya juu ya mabega, vinavyovuta begi lisikuangushe nyuma. Cha kifuani mwisho, kisikaze pumzi. Vizito vipangwe karibu na mgongo, usawa wa katikati. Kilo tisa zikipangwa chini kabisa na nje zinakuvuta kama mtoto anayelilia kubaki. Na mguu ukianza kuunguza, simama hapo hapo ubandike plasta. Ukisubiri ufike, lengelenge limeshajaa.

Alfajiri ya leo nimempelekea yote, ujumbe mrefu kama gazeti. Tiki mbili za bluu zikatokea mara moja, hakuwa amelala. Akawa anaandika, anafuta, anaandika.

"Haya mjomba."

Moyo ukashuka. Kisha: "Ngoja. Kumbe 27? Nimelipia 28."

Kisha yakaja maswali kumi na moja, moja moja, simu inatetemeka mezani kama nzi kwenye chupa. La tano ni kama madishi ya Tokyo nayo yanatazama kusini. La tisa sijalielewa.

Nimejibu saba. Manne nimeyaacha kwa sababu nilikwenda kumtilia mama dawa yake ya presha ya macho, na karatasi ya ndani inasema chupa itupwe wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki. Hii imebaki robo. Nimemuuliza ilifunguliwa lini, anasema kabla ya harusi. Siku ngapi kabla? Anasema kabla, mwanangu, kabla. Kesho Jumapili, daktari hayupo, na matone ya asubuhi nimeshamtilia.