Nyuzi za mapambo kwenye miraba ya blanketi la msaada

Aliyeacha kufuma kroshia alinipa mfuko mzima wa nyuzi za mapambo: uzi wa manyoya, uzi wenye vitanzi vilivyojikunja, na mwingine bapa kama utepe. Kuzitazama raha, kuzifuma peke yake adhabu. Kikundi chetu kilikuwa kinakusanya miraba ya sentimita 20 kwa 20 ya kuunganisha mablanketi ya msaada, nami nikaona hapo ndipo pa kuzimalizia.

Uzi wa manyoya ni kijiuzi chembamba tu kilichoota vinywele vya poliesta. Ukishaufuma, tundu la kuingizia sindano halionekani; unapapasa. Kwa hiyo niliushika pamoja na uzi wa kawaida wa akriliki, nikazifuma mbili kama mmoja. Akriliki ndiyo inayobeba kazi na kunionyesha njia, manyoya yanapamba. Sindano yangu ya kroshia ya milimita 4.5 niliiweka kando nikachukua ya 6, maana nyuzi mbili kwa sindano ndogo hutoa mraba mgumu kama zulia.

Jambo lililonifaa kuliko yote ni kujua kwamba manyoya na vitanzi hukimbilia upande wa nyuma, ule usiokutazama unapofuma. Basi uzi wa mapambo nauingiza kwenye mistari ya upande wa ndani tu, yaani ile ninayofuma nikitazamana na mgongo wa mraba, na mistari ya upande wa nje nafuma kwa akriliki peke yake. Manyoya yanatokea mbele yenyewe, na mstari mtupu unaofuata ndio ninaohesabia mishono. Kwenye mstari wenye manyoya sihangaiki kuhesabu. Ubaya wake ni kwamba uzi wa mapambo unaishia upande usiotakiwa, hivyo naukata kila mwisho wa mstari. Kwa mabaki mafupi hilo si hasara.

Mraba naanzia kwenye kona. Natumia mshono mfupi (single crochet), na kila mstari naweka mishono mitatu ndani ya ule wa katikati, uliotiwa pini ili usipotee kwenye manyoya. Unakua pande mbili kwa pamoja, nami napima kwa rula badala ya kutegemea hesabu ya mishono, kwa sababu kila uzi una unene wake. Ukikaribia sentimita 18 naacha mapambo, nazungusha pindo la akriliki tupu mpaka 20. Pindo hilo si urembo. Anayeunganisha miraba ya watu wengi anahitaji ukingo anaouona, na chini yake ndiko ninakoficha zile ncha zote, kila moja nikiipitisha huku kisha nikiirudisha kule, kwani uzi wa manyoya huteleza ukachomoka.

Miraba hii siipeleki kwenye mablanketi ya watoto wachanga. Vinywele hung'oka vikaingia mdomoni, na vitanzi hunasa vidole. Uzi unaomeremeta nausugulia shingoni kwanza. Ukinikwaruza mimi, utamkwaruza na mwingine. Sufu halisi sichanganyi, maana husinyaa kwenye maji ya moto wakati akriliki imetulia, na aliyepewa blanketi hana haja ya masharti ya kufua. Pasi nayo haigusi miraba hii kabisa.

Kufumua ndiko kugumu. Manyoya hushikana, na ukivuta kwa hasira unakata. Navuta mshono mmoja mmoja, nikitanguliza akriliki.

Uzi wa utepe ulikataa utaratibu huu: ukifumwa na akriliki hujisokota ukazama ndani, usiuone tena. Huo naufumia mraba mtupu kwanza, kisha naupitisha juu na chini ya mishono kwa sindano butu ya kushonea, mstari mmoja ndiyo mmoja hapana, ncha zikiingia chini ya pindo.