C63 ya silinda nne nimeiendesha, jamani

Nimepata bahati ya kuendesha Mercedes-AMG C63 mpya na kichwa bado hakijatulia. Gari linakimbia, hilo sibishi kabisa, injini ya lita 2.0 peke yake inatoa farasi 469 na ukijumlisha na mota ya umeme ya nyuma unafika 671, namba ambayo C63 ya zamani yenye V8 (injini ya silinda nane) ya lita 6.2 haikuwahi kuigusa. Ukikanyaga mafuta husubiri tabo (feni inayoisukumia injini hewa), maana tabo yenyewe inazungushwa na kimota cha umeme kabla moshi haujapata nguvu ya kuisukuma, hapo wahandisi nawavulia kofia.

Ila sauti wazee!! V8 ukiiwasha tu usukani unatetemeka kidogo mkononi na unajua umekaa na nani, hii mpya sehemu ya mngurumo inatoka kwenye spika. Halafu uzito, betri na mota vimelifikisha zaidi ya tani 2, kwenye kona unalisikia kabisa linavyovuta nje.

Na sio kwamba nachukia injini ndogo, GR Yaris ya Toyota ina silinda tatu tu, lita 1.6, na naipenda sana kwasababu ni nyepesi na haijifanyi kitu kingine. Naelewa pia sheria za moshi za Ulaya zinawabana. Lakini Porsche walipoweka silinda nne kwenye Cayman 2016, baadae si waliirudisha injini ya silinda sita ya lita 4.0 kwenye toleo lake la GTS? Mimi nataka na C63 wafanye hivyo hivyo.