Ndoo ya klorini na alama mbili za moto

Juzi nilipokuwa nikihesabu vifaa katika stoo ya hoteli moja ndogo hapa Malindi, nilikuta ndoo ya klorini ya bwawa la kuogelea imekaa ubavuni mwa kopo la tina ya kuchanganyia rangi. Mzee anayetunza bwawa, ambaye sote twamwita Ami, alinieleza kwa utulivu: "Mwanangu, zote mbili zina alama ya moto, ndiyo maana nikaziweka pamoja."

Ami alikuwa amezitazama lebo kwa makini kuliko wengi wetu, akapotezwa na duara moja dogo. Alama zote mbili zimo ndani ya msambamba wenye ukingo mwekundu, lakini mwali mtupu, kama ule wa tina, humaanisha kwamba kitu chenyewe hushika moto, ilhali mwali uliokaa juu ya duara humaanisha kwamba kitu hicho huuchochea moto wa kingine. Klorini ya unga, yaani kalsiamu haipokloraiti, haiwaki yenyewe, ila ikikutana na mafuta au tina yaweza kuwasha moto pasipo kiberiti.

Alama hizo ni mbili kati ya 9 za mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, uliopendekezwa kwenye mkutano wa Rio de Janeiro mwaka 1992 na kupitishwa mwaka 2003. Kabla yake, kemikali ile ile iliweza kuitwa sumu katika nchi moja na isiitwe hivyo katika nyingine, jambo la kutisha kwa pwani ipokeayo shehena kutoka kila upande wa bahari.

Stooni mlikuwa na asidi pia, na alama yake, yenye matone yanayoula mkono na chuma, Ami hakuhitaji kufundishwa. Lakini hakuna picha yoyote iliyomwambia kwamba asidi ile ikichanganyika na klorini hutoa gesi ya sumu. Hilo hupatikana katika maandishi madogo ya Kiingereza, na katika karatasi ya usalama yenye sehemu 16, kwenye sehemu ya 10, karatasi ambayo muuzaji hakuileta hadi nilipomsumbua kwa simu mara tatu.

Tina imehamishiwa banda la nje, na asidi imepata rafu yake mbali na klorini. Ami ameniomba nimwandikie sehemu ya 10 kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, maana miwani yake ameisahau Mambrui.